Kaburi la Kimathi: Rada Ielekeze, Jembe Lithibitishe

Tarehe 18 Februari, 1957, serikali ya kikoloni ilimnyonga Dedan Kimathi katika Gereza la Kamiti, ikamzika humo humo gerezani, na haikumwonyesha mkewe mahali ilipomlaza. Serikali hiyo ilifunga virago mwaka 1963. Tangu hapo Kenya huru imempa Kimathi barabara, chuo kikuu na sanamu katikati ya jiji la Nairobi, iliyozinduliwa tarehe 18 Februari, 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa kwake. Kitu kimoja tu hatujampa, nacho ni kaburi.

Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba kwa miaka mingi aonyeshwe mabaki ya mumewe ili ayazike kwa heshima. Serikali zilikuja na kuondoka, ahadi zikatolewa na kusahauliwa. Mukami aliaga dunia mwezi wa Mei 2023, akazikwa Njabini, katika Kaunti ya Nyandarua. Viongozi walifurika mazishini na kumsifu kwa ushujaa na uvumilivu wake. Lakini sifa hizo hazikumpa kile alichokililia tangu alipokuwa mama kijana mwenye watoto wadogo.

Mwezi wa Oktoba 2019, wakfu unaobeba jina la Kimathi ulitangaza kwamba kaburi lake limetambuliwa Kamiti. Wananchi wengi walishangilia. Muda haukupita, serikali ikakanusha. Baada ya vuta nikuvute hiyo, jambo lenyewe likaachwa lining'inie, na hadi leo hakuna kaburi lililothibitishwa hadharani kwa ushahidi ambao mtu yeyote anaweza kuukagua.

Sisi tunaamini kwamba suala hili halifai kuendelea kuwa la fulani kasema na fulani kakana. Ipo njia ya kulichunguza. Kwa miaka kadhaa sasa, wataalamu wa nchi nyingine wamekuwa wakitafuta makaburi yaliyofichwa kwa kutumia rada ya ardhini. Chombo hicho hakivunji ukuta wala hakihitaji kugusa udongo kwa jembe. Hata hivyo, wanaodhani kwamba mashine hiyo itatuandikia jina la Kimathi juu ya skrini wanajidanganya. Ni vyema kwanza tuelewe kile inachokiona na kile isichokiona.

Rada hiyo kwa umbo hufanana na mashine ya kukatia nyasi. Chini yake huwa na kisanduku chenye antena, kinachotuma mawimbi ya redio ardhini. Mawimbi yakikutana na tabaka lililo tofauti, kwa mfano jiwe, mzizi, ubao wa jeneza au udongo uliopinduliwa, sehemu yake hurudi juu mithili ya mwangwi. Kompyuta hupima muda ambao mwangwi huo umechukua, na hivyo kukadiria kina cha kitu kilichourudisha. Mwendeshaji huisukuma mashine katika mistari iliyonyooka kama ya shamba la mahindi, mmoja umbali wa nusu mita au hata robo mita kutoka kwa mwingine, mpaka uwanja wote umalizike. Kwa kazi ya makaburi, wengi hutumia mawimbi ya baina ya megahezi 250 na 500, ambayo katika udongo mzuri hufika kina cha mita moja hadi mbili, pengine na zaidi.

Ajabu ni kwamba, katika kazi yote hiyo, rada haioni mfupa. Mifupa ya binadamu ni midogo, na baada ya miaka mingi haitofautiani sana na udongo unaoizunguka. Kinachoonekana ni shimo. Anayechimba kaburi hukata matabaka ambayo maumbile yameyapanga kwa karne nyingi, na anapolifukia hawezi kuyarudisha yalivyokuwa. Kovu hilo hubaki ardhini hata baada ya nyasi kuota juu yake na kila aliyeshika sepetu siku hiyo kufariki. Kovu hilo ndilo rada hulitafuta.

Lakini si kila kovu ni kaburi. Handaki la bomba la maji, shimo la taka, au mahali paling'olewa mti mkubwa, vyote vyaweza kurudisha mwangwi unaofanana na wa kaburi. Isitoshe, udongo wa mfinyanzi uliolowa maji, na ule wenye chumvi, huyameza mawimbi kabla hayajafika mbali. Mashine ikipitishwa katika udongo kama huo, skrini yaweza kukosa alama yoyote ilhali chini yake watu wamelala.

Mambo haya yamewapata wenzetu, na ni heri tujifunze kwao kabla hatujaanza. Katika jimbo la Florida, Marekani, kulikuwa na shule ya kurekebishia wavulana iliyoitwa Dozier, mjini Marianna, iliyofungwa mwaka 2011. Kumbukumbu rasmi zilisema kwamba makaburi yaliyokuwa hapo ni 31. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha South Florida, wakiongozwa na Erin Kimmerle, walipima uwanja kwa rada, kisha wakachimba. Kufikia mapema mwaka 2014 walikuwa wamepata makaburi 55. Huo ulikuwa ushindi wa ukweli dhidi ya daftari la uongo. Lakini mwaka 2019, kampuni iliyokuwa ikisafisha ardhi ya shule hiyo hiyo ilitumia rada na kuripoti alama nyingine 27 zilizodhaniwa kuwa makaburi. Habari hizo zilienea duniani. Kimmerle na wenzake walipochimba, walikuta mizizi ya miti.

Kule Kanada, mwezi wa Mei 2021, jamii ya Tk'emlúps te Secwépemc ilitangaza kwamba rada imeonyesha dalili za makaburi 215 ya watoto penye iliyokuwa shule ya bweni ya Kamloops. Baadaye mtaalamu aliyefanya kazi hiyo alieleza kwamba ni takriban 200, na kwamba yaitwe makaburi yanayowezekana, kwa kuwa udongo ulikuwa haujafukuliwa. Wakati huo, vyombo vingi vya habari vilikuwa vimekwisha kutangaza kwamba miili imepatikana. Pengo hilo baina ya dalili na ithibati likageuka mlango wa wale wanaotaka kukana kwamba watoto waliteseka katika shule hizo. Na huo ni udhalimu mkubwa, maana Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada ilikuwa imekwisha kuhesabu, kufikia mwaka 2015, vifo vipatavyo 3,200 vya wanafunzi wa shule hizo kwa kutumia nyaraka na ushahidi wa walionusurika. Haraka ya kutangaza iliwapa wakanaji silaha ambayo hawakuistahili.

Mfano wa tatu ni wa kutia moyo zaidi. Mwaka 1921, katika mji wa Tulsa, Marekani, kundi la Wazungu lilivamia mtaa wa Greenwood, likaua Wamarekani weusi na kuteketeza nyumba zao. Wengi waliouawa walizikwa bila ya alama. Mwaka 2019, manispaa ya mji huo iliruhusu rada ipite katika makaburi ya Oaklawn. Uchimbaji wa kwanza, Julai 2020, haukupata kitu. Hawakukata tamaa. Walihamia sehemu nyingine ya makaburi hayo, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wakapata majeneza. Hatimaye, Julai 2024, mtu wa kwanza alitambuliwa kwa jina: C.L. Daniel, askari wa zamani wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliyemtaja hakuwa rada. Alitambuliwa kwa uchunguzi wa DNA uliolinganishwa na jamaa zake, ukatiwa nguvu na barua ya mwaka 1936 iliyokutwa katika hifadhi ya nyaraka za taifa.

Hapo ndipo ulipo msingi wa hoja yetu. Kamiti si uwanja mtupu wenye kaburi moja lililopotea. Katika miaka ya Hali ya Hatari, mahakama za kikoloni ziliwapeleka kitanzini Wakenya zaidi ya 1,000, na wengi wao walinyongwa Kamiti. Rada ikisukumwa leo katika uwanja huo, hatuna shaka kwamba, udongo ukiruhusu, itaonyesha mashimo mengi. Itasema hapa pamechimbwa na pale pamechimbwa. Haitasema ni nani aliyelala pale. Swali la jina hujibiwa na mambo mawili tu, nayo ni karatasi na damu: karatasi za waliozika, na damu ya jamaa za waliozikwa.

Tuanze na karatasi. Serikali ya kikoloni ilikuwa na tabia ya kuandika kila kitu, hata aibu zake. Kumbukumbu za kesi ya Kimathi, iliyosikizwa Nyeri mwezi wa Novemba 1956, ziliaminiwa kwa muda mrefu kuwa zimepotea. Zikapatikana, na mwaka 2017 zikachapishwa katika kitabu kilichohaririwa na Julie MacArthur. Aidha, mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa wakiishtaki Uingereza, serikali ya nchi hiyo ililazimika kukiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya faili za makoloni katika jumba la Hanslope Park. Ushahidi wa aina hiyo ulichangia kuwapatia fidia wazee zaidi ya 5,000 mwaka 2013. Kwa hivyo yeyote anayetuambia kwamba hakuna maandishi yoyote kuhusu waliozikwa Kamiti atuambie pia ametafuta wapi, lini, na kwa idhini ya nani.

Jirani zetu wa Afrika Kusini wametupa kielelezo. Mwaka 2016, serikali yao ilianzisha mpango wa kufukua mabaki ya wafungwa wa kisiasa walionyongwa gerezani Pretoria na kuzikwa na dola kama maskini wasio na mwenyewe. Kazi hiyo ilikabidhiwa kikosi maalumu cha kutafuta watu waliotoweka, kilichomo katika mamlaka ya mashtaka ya nchi hiyo. Wachunguzi waliyapekua madaftari ya makaburi ya umma, wakachimba, na familia zikakabidhiwa jamaa zao. Waliotafutwa hawakuwa viongozi mashuhuri peke yao. Walitafutwa pia vijana ambao jina lao halikujulikana nje ya kijiji chao.

Hilo la mwisho ndilo tunalotaka lizingatiwe hapa kwetu. Kila mara mjadala wa Kamiti unapozuka, hutajwa mtu mmoja. Kimathi anastahili kutafutwa, lakini hawezi kutafutwa peke yake. Ili kumtambua yeye, itabidi mifupa ya wengine iguswe na kupimwa. Je, baada ya kuthibitika kwamba mtu fulani si Kimathi, tutamrudisha shimoni bila ya jina kama walivyofanya wakoloni? Huyo naye alikuwa mume wa mtu na baba wa mtu. Jamaa za wote walionyongwa waalikwe kutoa vipimo vya DNA kabla ya jembe la kwanza kuinuliwa, na kila atakayepatikana atafutiwe kwao.

Tunafahamu hoja za wanaopinga. Wapo wanaosema kwamba Kamiti ni gereza lenye ulinzi mkali na haliwezi kugeuzwa uwanja wa wachimbaji. Tunawajibu kwamba hatua ya kwanza haihitaji uchimbaji. Watu wachache na mashine ya kusukumwa, chini ya uangalizi wa askari jela, waweza kupima uwanja kwa siku chache na kuondoka bila ya kuacha hata mtaro. Wapo pia wanaosema kwamba huku ni kufukua vidonda vya zamani. Lakini kidonda hiki hakijapona hata kiweze kufukuliwa upya. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na taifa linaloficha makaburi huumbuliwa na vizazi vyake.

Hoja yenye uzito ni ile ya dini na mila. Wapo miongoni mwetu ambao kwao kumfukua maiti ni jambo zito lisilofanywa ila kwa dharura. Hao nao wasikilizwe. Huko Treblinka, nchini Poland, Wanazi waliua mamia ya maelfu ya Wayahudi kisha wakaibomoa kambi na kupanda juu yake ili pasionekane kitu. Kwa kuwa sheria ya Kiyahudi inakataza kuwasumbua wafu, mtafiti Caroline Sturdy Colls, aliyeanza kazi hapo mwaka 2010, alitegemea rada na vipimo vingine vya juu ya ardhi kuonyesha mahali palipochimbwa mashimo ya maiti. Familia ambayo haitaki jamaa yake aondolewe yaweza kuridhika kwa mahali pake kujulikana, kuzungushiwa ua na kuandikwa jina. Uamuzi huo ni wa familia, si wa afisa aliye ofisini Nairobi.

Kuna jambo jingine linalotulazimisha tuharakishe, nalo ni udongo wenyewe. Udongo mwekundu wa Kiambu ni wa mfinyanzi na una tindikali, na tindikali hula mifupa polepole. Tayari takriban miaka 70 imepita. Wana na mabinti wa walionyongwa, ambao damu yao ndiyo rahisi zaidi kulinganisha na mabaki, sasa ni wakongwe, na kila mwaka wanapungua. Askari jela na wafungwa walioshuhudia mazishi hayo karibu wote wametangulia mbele ya haki. Tukikawia tena miaka kumi, huenda tukawa na mashine bora zaidi na tusiwe na mtu wala mfupa wa kuzitumikia.

Aidha, haja ya utaalamu huu haiishii kwenye historia ya ukoloni. Mwezi wa Aprili 2023, nchi ilizizima makaburi ya Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, yalipoanza kufunuliwa. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule. Miili ya kwanza ilikabidhiwa familia mwezi wa Machi 2024, karibu mwaka mmoja baadaye, kwa kuwa uchunguzi wa DNA ulichukua muda mrefu. Shakahola ilitufundisha kwamba kuona kaburi ni mwanzo tu wa safari. Nchi iliyopatwa na msiba kama huo haifai tena kuwa bila ya kikosi cha kudumu chenye rada, wanaakiolojia, madaktari wa uchunguzi wa maiti na maabara iliyojaa vifaa. Bunge lilipitisha sheria ya huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo mwaka 2017, lakini ilikaa miaka mingi bila ya kutekelezwa. Laiti ingalitekelezwa mapema, Shakahola ingalitukuta na matayarisho bora.

Kwa hivyo tunatoa mapendekezo manne. Kwanza, serikali iunde jopo huru la wataalamu, likiwa na wawakilishi wa familia, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na vyuo vikuu vyetu, na ilipe idhini ya kuingia Kamiti. Pili, kabla ya rada kupelekwa gerezani, ijaribiwe wakati wa kiangazi juu ya makaburi yanayojulikana katika udongo kama huo huo, ili ijulikane kama inafaa au haifai. Ikishindwa, wananchi waambiwe imeshindwa, na njia nyingine zitumiwe. Tatu, serikali idai kutoka Uingereza kila karatasi inayohusu walionyongwa na mahali walipozikwa, na ifungue pia makabati yake yenyewe. Nne, pasitangazwe kaburi la mtu yeyote kwa alama ya skrini peke yake. Tangazo litoke baada ya jembe kufika chini, kwa amri ya mahakama, na DNA kuzungumza.

Sharti hilo la mwisho litawaudhi wanasiasa, ambao hupenda kutangaza mambo kabla hayajaiva. Lakini tulikwisha kuona mwaka 2019 jinsi tangazo lisilo na ithibati linavyoweza kukanushwa kwa sentensi moja. Hata Mfalme Richard III wa Uingereza, aliyekutwa mwaka 2012 chini ya egesho la magari mjini Leicester, hakuonyeshwa na rada, ingawa ilipitishwa hapo mwaka mmoja kabla. Aliyewaelekeza wachimbaji ni nyaraka za kanisa alimozikwa mwaka 1485, na aliyethibitisha ni DNA ya jamaa zake walio hai. Ikiwa mfalme aliyekufa zaidi ya miaka 500 iliyopita aliweza kutafutiwa kaburi kwa subira na uangalifu kiasi hicho, seuze watu wetu ambao watoto wao wangali hai na wanangoja?

Mukami hakuishi kuiona siku hiyo. Wako wengine katika vijiji vya Nyeri, Murang'a, Kiambu, Embu na Meru ambao wangali wanaweza kuiona. Funguo za Kamiti zimo mikononi mwa serikali yetu wenyewe, wala si za Mwingereza tena. Tunaisihi ilifungue lango hilo sasa.